Baraza la Samaki wa Sebuleni

Palikuwa na tangi la kioo katika sebule moja ya Nyali, Mombasa. Urefu wake sentimita 120, upana 50, kina 50, na fundi aliyeliunda alimwambia mwenye nyumba kuwa ni la lita 300. Mwenye nyumba akaishika namba hiyo, ikawa ndiyo anayowatajia wageni. Lakini ndani mlikuwa na mawe na mchanga, na maji hayakujazwa hadi ukingoni. Maji yenyewe hayakuzidi lita 240. Aliyelijua hilo ni Bibi Konokono, kwa kuwa alifika kabla ya samaki wote na alikuwa amekwishapita kila pembe kwa tumbo lake. Hakuna aliyemuuliza.

Bibi alipoingia aliwakuta Watu wa Mawe. Hao ni bakteria, hawaonekani kwa macho, makazi yao ni vitundu vya mawe na kila punje ya mchanga. Kazi yao ni nzito. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua yake, na amonia ni sumu ambayo huzidi ukali katika maji ya bahari yenye joto. Kundi la kwanza la Watu wa Mawe huila amonia na kutoa nitriti, nayo pia ni sumu. Kundi la pili huila nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Walichukua wiki sita kuzaana hadi wakatosha kazi, na muda huo wote tangi lilikaa bila samaki hata mmoja. Mwenye nyumba alisubiri. Nampa sifa yake hapo, maana wengi huona maji yamekuwa safi wakadhani mambo tayari.

Wa kwanza kuingia walikuwa Mama wa Anemoni na mumewe. Walivuliwa pwani ya kusini, upande wa Shimoni, na wapiga mbizi wenye vyavu vya mkono. Rangi yao ni ya machungwa yaliyopauka, na mstari mweupe umewapita mgongoni kutoka mdomo hadi mkia. Akafuata kijisamaki wa mchangani na rafiki yake Kamba. Kamba huchimba shimo lakini haoni vizuri, kwa hiyo kijisamaki hukaa mlangoni akilinda, naye Kamba huweka papasi yake moja juu ya mwili wa rafiki. Mlinzi akitikisa mkia, wote wawili wamo ndani. Akafuata Msafishaji, mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni. Akafuata Kitatange. Wa mwisho akawa Kangaja, mwili wa samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano, na kisu kwenye shina la mkia. Siku aliyoletwa alikuwa na sentimita 6. Mwaka haujaisha alikuwa na 14, na alikuwa amekwishajifanya liwali.

Siku moja alikuja shemeji yake mwenye nyumba, akasimama mbele ya kioo akiwa na kikombe cha kahawa.

“Shemeji, mbona wachache hivi? Tangi lote hili!”

“Wanatosha, shemeji.”

“Hawatoshi. Lina hesabu yake hili jambo. Sentimita moja ya samaki kwa kila lita nne. Wewe una lita 300, basi haki yako ni sentimita 75. Hawa ukiwapanga kichwa kwa mkia ni 50. Zimebaki 25. Hao ni samaki watano wadogo, tena watakaa kwa raha.”

Mwenye nyumba akahesabu kwa vidole, akaona hesabu imelala sawa. “Basi Jumamosi nitapita dukani.”

Hesabu ya namna hii imeenea mno miongoni mwa wafuga samaki, na ubaya wake ni kwamba inapima urefu, ilhali kinachopumua na kuchafua maji ni mwili mzima. Samaki akirefuka mara mbili na umbo lake likabaki lile lile, uzito wake huwa mara nane. Kangaja wa sentimita 20 ana urefu wa samaki wanne wa sentimita 5, lakini uzito wake ni wa 64. Na kangaja wa aina ile hupita sentimita 20 akikomaa. Shemeji alimpima kijana akamsahau mtu mzima atakayekuja.

Samaki waliyasikia hayo, na jioni ile Kangaja akaitisha baraza mbele ya mwamba mkubwa.

“Wenzangu,” akasema, “wengine mna hofu. Mimi sina, kwa sababu mimi ndiye ninayelizunguka tangi hili kutwa mara mia, na kila ninapopita naona njia iko wazi. Nafasi ipo. Waje. Ila wasiwe makangaja.”

Njia ilikuwa wazi kwa sababu kila aliyemwona akija alikimbia. Kijisamaki wa mchangani alikuwa na mkwaruzo ubavuni uliotokana na kisu kile.

Kitatange akaunga mkono. “Liwali amesema kweli. Tena wakiwa wengi, chakula kitakachomwagwa kitaongezeka.” Hakusema kwamba kwa siri alikuwa akidonoa matumbawe ya pembeni, na kwamba katika umati haingekuwa rahisi kumjua mdonoaji.

Msafishaji akaomba nafasi ya kusema, na mbavu zake zilikuwa zinahesabika. “Mimi chakula changu ni wadudu walioko kwenye ngozi zenu. Kwetu nilikuwa na kituo changu mwambani, wateja wakipanga foleni tangu jua linachomoza. Hapa mko watano, nimekwishawasafisha wote, na punje za kwenye kopo sizijui. Leteni mia!”

Huyu alisema ukweli mtupu. Alexandra Grutter, aliyewachunguza samaki wa aina ya Msafishaji kwenye Great Barrier Reef ya Australia, alionyesha kuwa msafishaji mmoja huwakagua samaki zaidi ya 2,000 kwa siku na kula wadudu zaidi ya 1,000. Hakuna sebule duniani yenye wateja hao. Kilio cha Msafishaji kilikuwa cha haki, lakini dawa yake haikuwa kuongeza samaki. Dawa ilikuwa asitolewe kule alikotolewa, na mwenye kumuuza alipaswa kuisema habari hiyo dukani kabla ya kupokea pesa.

Ndipo Mama wa Anemoni akatoka kwenye maskani yake.

“Bwana Liwali, niruhusu. Kwetu, mwamba wa nje ya Wasini, anemoni yetu ilikuwa na sisi wanne. Mama mkubwa, mumewe, mimi, na mdogo wangu. Sisi sote huzaliwa waume; mwenye kuwa mkubwa kuliko wote ndiye anayekuwa mama, na akifa, anayemfuata anageuka. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilikuwa na uwezo wa kukua, nikajizuia, kwa sababu ningemkaribia kwa urefu mume wa mama ningefukuzwa, na aliyefukuzwa kwenye anemoni hafiki mbali. Chewa yuko pale anangoja. Kila mmoja wetu alijua nafasi yake na kipimo chake, na zaidi ya wanne hatukuwa. Aliyekuja wa tano alifukuzwa siku hiyo hiyo.”

“Basi si ndivyo nilivyosema?” akadakia Kangaja. “Waje, na mwenye kuzidi atafukuzwa.”

“Afukuzwe aende wapi?” akauliza Mama. “Kule kulikuwa na bahari. Hapa ukimfukuza mtu anafika pale kwenye kioo, anageuka, anarudi.”

Alichokisimulia Mama kimepimwa na wataalamu. Mwaka 2003 Peter Buston alichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya jamaa zake Mama huko Papua New Guinea, akaonyesha kwamba kila samaki kwenye anemoni huuzuia ukuaji wake ili abaki mdogo kiasi kinachojulikana kuliko yule aliye mbele yake. Hawagombani kila siku kwa sababu kila mmoja amekubali kungoja. Lakini mpango huo wote umesimama juu ya jambo moja: mlango wa kutokea upo. Mwambani idadi hupangwa na chewa, na mkondo, na maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Anayezidi huhama au huliwa. Nyuma ya kioo hakuna anayeweza kuhama, kwa hiyo idadi haiwezi kujipanga yenyewe hata ungengoja miaka. Lazima ipangwe na mwenye mkono wa kumtia samaki majini, tena kabla hajamtia. Swali la Mama ndilo lililostahili kujadiliwa baraza zima, na halikujadiliwa.

Bibi Konokono alikuwa amepanda kioo taratibu hadi karibu na wao. “Wanangu,” akasema.

“Bibi, shikamoo,” akasema Mama.

“Marahaba. Nyinyi mnahesabu mchana, taa inawaka, pampu inavuma, na mimea midogo iliyo ndani ya matumbawe inatengeneza hewa mnayoipumua. Mimi hutembea usiku. Taa ikizimwa, matumbawe huacha kutoa hewa, nayo huanza kuivuta pamoja nanyi. Kila usiku nawapita mmelala, naona mnavyohema. Miezi iliyopita nilikuwa nikikesha chini mpaka alfajiri. Siku hizi napanda juu karibu na uso wa maji, na sipandi kwa kupenda.”

Bibi hakuwa na mizani, ila alisema kitu kinachopimika. Lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 250 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28, ambalo ndilo la kawaida la tangi la Mombasa, ikishiba kabisa hubeba miligramu 6 na kidogo. Maji yakizidi joto hubeba pungufu zaidi, na chumvi nayo huipunguza. Samaki wa pwani yetu, akiwa katika sanduku la kioo, anaishi juu ya akiba ndogo mno, na akiba hiyo hujazwa na pampu inayoutikisa uso wa maji ili ukutane na hewa.

“Waulizeni Watu wa Mawe,” akasema Bibi.

Wakaulizwa. Sauti yao ilitoka kwenye kila kitundu kwa pamoja.

“Sisi huwa wengi kadiri ya uchafu wenu wa jana. Chakula chetu ni hicho. Mkiongeza mmoja, tutazaana tumfikie. Mkileta watano kwa siku moja, tutachelewa, na siku za kuchelewa kwetu mtakunywa amonia. Na jingine hamlijui: sisi nasi tunavuta hewa. Tukifanya kazi zaidi, tunavuta zaidi. Katika hesabu zenu hamkututia.”

Kangaja aliona baraza linamponyoka. Akafanya alichokijua. “Tumesikia,” akasema. “Sasa nauliza: nani kati yenu anaona tumejaa? Ainue pezi.” Kimya. “Na kama tumejaa, basi atajwe aliyezidi, tumjue.”

Kitatange akamtaja kijisamaki wa mchangani, kwa kuwa hana faida. Msafishaji akamtaja Kamba, kwa kuwa hana ngozi ya kusafishwa. Mume wa Mama akamtaja Msafishaji, kwa kuwa amekwisha kukonda na atakwenda zake tu. Kijisamaki akasema kwa sauti ndogo, “Liwali,” kisha akaingia shimoni. Hakuna aliyejitaja mwenyewe. Kangaja akatangaza kuwa kwa kuwa hakuna aliyepatikana amezidi, nafasi ipo, na baraza likafungwa.

Jumamosi mifuko mitano ya plastiki ikaelea juu ya maji. Wageni walikuwa wa rangi ya kupendeza, kila mmoja wa sentimita 5, na watoto wa jirani waliitwa kuja kutazama. Wiki ile mwenye nyumba alipokea sifa nyingi. Siku ya tatu Kangaja alianza kujisugua kwenye mawe. Siku ya tano madoa meupe madogo yakamtoka kwenye mapezi, ugonjwa ambao samaki wa aina yake huupata upesi akibanwa au akisumbuliwa. Matamvua ya wageni wawili yakawa mekundu. Msafishaji akafa, na mwili wake ukaliwa na kaa mdogo wa mawe. Kangaja aliendelea kusema kuwa hali ni shwari, na alikuwa anasema hivyo huku anahema.

Usiku wa Jumanne ya wiki iliyofuata, saa saba, stima ikapotea.

Kwanza pampu ilinyamaza, na mashine ya povu inayochuja uchafu nayo ikanyamaza. Uso wa maji ukatulia, ukawa laini kabisa, na maji yaliyotulia hayachukui hewa ila kidogo. Saa ya kwanza haikuonekana kitu. Saa ya pili wageni watano walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wakivuta ule utando mwembamba ulio karibu na hewa. Mama na mumewe wakatoka kwenye anemoni, jambo ambalo usiku hawakuwa wakilifanya. Kangaja alikuwa amelala kati ya mawe mawili, rangi imefifia jinsi anavyofifia akilala. Alipoamka, vifuniko vya matamvua yake vilikuwa vinafunguka na kufunga haraka kuliko mtu angeweza kuhesabu, na mwili ule mkubwa uliompa uliwali ulikuwa unadai hewa mara nyingi kuliko ya yeyote mwingine. Akapanda. Juu palikuwa pamejaa. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyempisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kukimbia.

Aliyewaokoa waliookoka ni binti wa mwenye nyumba, mwenye miaka 12. Kimya cha pampu ndicho kilichomwamsha.

“Baba, amka! Samaki wako juu wote, wanatweta!”

Akachukua jagi la jikoni, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, yaanguke yavunjike, yapate hewa. Akachota, akamwaga. Baba yake akaja na tochi, wakapokezana hadi baada ya adhana ya Alfajiri. Mikono ilikuwa inawauma. Stima ilirudi saa kumi na mbili kasorobo.

Kangaja alikuwa amekufa, pamoja na wageni wawili. Mwenye nyumba alimtoa kwa chujio, akamlaza kwenye gazeti, akasema, “Stima imetuulia samaki.”

“Stima hupotea kila mara, Baba,” akasema binti. “Mwaka jana ilipotea usiku kucha, hata jagi hatukushika, na hakufa hata mmoja.”

Baba yake hakumjibu papo hapo. Alilitazama tangi, akamwuliza ana maana gani, naye akaeleza kwa utaratibu: mwaka jana Kangaja alikuwa mdogo, na wale watano hawakuwapo. Kisha akauliza kama mawe nayo yamo katika zile lita 300. Hapo ndipo mtu alipolifikia, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, jambo ambalo Bibi Konokono alikuwa nalo tangu siku ya mwanzo.

Wiki ile Kitatange na wageni watatu waliobaki walipelekwa kwa mtu wa Mtwapa mwenye tangi la lita zaidi ya 1,000. Hawakurudishwa baharini, na hilo lilikuwa sawa: samaki aliyeishi tangini na wengine anaweza kwenda na ugonjwa ambao mwamba haukuwa nao. Samaki waliobaki walikuwa watatu tu, na shemeji alipokuja na kuuliza tangi limepatwa na nini, aliambiwa limepona.

Leo lina samaki watano: Mama wa Anemoni na mumewe, kijisamaki wa mchangani pamoja na Kamba wake, na wawili wengine wadogo ambao wakikomaa hawafiki sentimita 8. Hao wawili hawakuingia siku moja. Ulipita mwezi mzima kati ya wa kwanza na wa pili, ili Watu wa Mawe wapate muda, na kabla ya hao wote ilinunuliwa pampu ya hewa inayotumia betri. Kangaja mwingine hakuletwa. Kwa samaki yule tangi la urefu wa sentimita 120 ni dogo, hata kama siku anayouzwa anaingia kwenye kiganja cha mtoto.

Nawe msomaji uliye na tangi la kiasi hicho, au unayewaza kuwa nalo, nakusihi usimwulize muuzaji bado lina nafasi ya wangapi. Mwulize samaki huyu akikomaa atakuwa na urefu gani, chakula chake cha kweli ni nini, na stima ikipotea saa sita usiku ikarudi alfajiri, nani atakuwa hai. Asipokuwa na jibu, rudi nyumbani na pesa zako.